Ni Nani Aliyeilowesha Njia ya Ibada

"Mzee huanguka kwa sababu ni mzee. Hilo si shauri la kikao."

Jumamosi, saa nane mchana. Ukungu umeshuka kutoka kilele cha Shengena tangu asubuhi na haujui kama unataka kuwa mvua au la. Bondeni huko Same nadhani jua linawaka kama kawaida yake. Huku juu nguo hazikauki, na mimi situlii.

Maneno niliyoanza nayo si yangu. Ni ya Mzee Senkondo, msimamizi wa mfongo wetu, mfereji unaoleta maji ya bwawa la juu mashambani. Ameyaandika kwa penseli chini ya ukurasa wangu wa Jumamosi iliyopita, ule niliougandisha ukutani kibarazani kwangu kwa uji wa unga, kama ninavyofanya kila wiki. Simlaumu kwa kuandika. Ukuta ni wangu, lakini nilisema tangu mwanzo kwamba kila ajuaye kusoma asome na kila ajuaye kuandika anijibu. Wananijibu. Mmoja aliwahi kuniandikia kwamba ningeshona suruali vizuri kama ninavyotukana watu, wilaya nzima ingekuwa imevaa.

Basi nianze na Mzee Senkondo, kwa sababu hoja yake ni mbovu na inanipa raha kuivunja.

Kama uzee ndio unaoangusha watu, uzee uko kila mahali. Uko jikoni, uko shambani, uko kanisani kwenye benchi la mbele. Wazee wangekuwa wanaanguka huku na huku bila mpango. Lakini mimi nimezunguka nyumba kwa nyumba mwezi huu, nimekunywa uji mwingi kuliko tumbo langu linavyoweza, nimemwuliza kila mzee swali moja: ulianguka wapi? Sikuuliza umri. Niliuliza wapi.

Wengine walianguka nyumbani. Kamba ya mbuzi imefungwa kukatiza chumba, na mtu aliyeanza kupungukiwa macho anaamka gizani kwenda nje. Kizingiti kiko juu kama goti. Jiwe la kufulia limejaa sabuni, limeachwa mlangoni. Hayo yote ni kazi ya mikono ya watu, na mikono hiyohiyo inaweza kuyaondoa kabla ya chakula cha mchana.

Lakini wengi, nilipowauliza, walinyoosha kidole upande mmoja. Njia ya ibada, ile ya kwendea kanisani. Pale mfongo unapokatiza njia, hatua chache chini ya mizizi ya mkuyu.

Uzee gani huo unaomsubiri mtu mahali pamoja?

Na tena, mwaka jana bwana wa kilimo alipanda kutoka Same kuja kukagua matuta. Mzungu kijana, mabuti mazito, fimbo mkononi. Alifika palepale, miguu ikaenda juu, kofia ikaenda kwenye migomba. Kesho yake jumbe alitoa amri, watu wakamwaga changarawe pale mpaka njia ikawa nyeupe. Uzee wake ulikuwa wapi? Hakuna aliyesema bwana wa kilimo ameanguka kwa sababu ya miaka yake. Wote walisema: njia ni mbaya. Akianguka mwenye mabuti, njia ni mbaya. Akianguka bibi yako, bibi ni mbaya. Changarawe ile ilisombwa na mvua ya kwanza na hakuna aliyemwaga nyingine.

Vijana nao huteleza pale. Wanaamka, wanacheka, wanajifuta matako, wanakwenda. Tope ni lilelile. Tofauti ni kwamba mzee haamki.

Hiyo ndiyo hoja. Ni nzuri. Nimeisoma tena na sioni pa kuongeza.

Mbona basi siwezi kukaa kwenye kiti?

Tangu nirudi kutoka kikaoni nimeshona mkono wa koti moja mara mbili, na mara zote mbili nimeushona kinyume. Nimefungua kitabu, nimesoma ukurasa mzima, sikumbuki hata neno. Mimi niliyesoma kila gazeti lililopanda mlima huu, mpaka matangazo ya dawa za minyoo. Nilifundisha shule ya misheni miaka kumi na minne, nikaiacha baada ya kugombana na kila aliyestahili kugombana nami na wawili watatu wasiostahili. Sijawahi kukosa neno. Leo asubuhi nimelikosa.

Kikao kilikuwa juu, ukingoni mwa ndiva, lile bwawa letu linalojazwa usiku na kufunguliwa alfajiri. Watu wa mfongo walikuwepo wote, na jumbe alikuja kutangaza kwamba msaragambo wa Jumatatu, ile kazi yetu ya pamoja, utakuwa wa matuta tena, kwa amri kutoka Same. Nikasimama. Nikaomba nusu siku tu kwa ajili ya njia ya ibada. Gogo jipya la kuvusha maji juu ya njia, mawe bapa ya kukanyagia, na mti wa kushikia upande wa bondeni.

"Mwalimu," akasema Senkondo, "sisi tumekuja kugawa maji, hatukuja kuhesabu vikongwe."

"Kikongwe ni baba yako," akadakia Mzee Elinaja kutoka nyuma. Elinaja ni mkubwa kuliko sisi wote, alianguka pale wakati wa masika na mkono wake wa kushoto haujanyooka mpaka leo. "Mimi kwa mkono mmoja nakushinda kulima."

Watu wakacheka. Senkondo naye akacheka, halafu akamgeukia. "Shikamoo yako iko palepale, mzee wangu. Lakini tuambie ukweli. Si pombe yako ya dengelua ndiyo iliyokuangusha?"

"Dengelua nakunywa jioni. Nilianguka asubuhi. Tena kwenye maji ya zamu yako wewe, Senkondo, uliyoyaachia njia kama mtu anayekojoa barabarani."

Hapo kikao kilivurugika kwa vicheko na kelele, na mimi nikafurahi, nikadhani tumeshinda. Kwa sababu Elinaja alikuwa amesema jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Zamani maji yalivuka njia ndani ya gogo lililochimbwa, juu ya vichwa vya watu wafupi. Gogo lilioza. Badala ya kuchonga jingine, kila mwenye zamu anaziba mfongo kwa bonge la majani na udongo, anayageuza maji yateremke katika njia yenyewe mpaka mashamba ya chini. Njia imekuwa mfereji wetu. Ni rahisi, ni haraka, na udongo ule mwekundu ukilowa unakuwa kama siagi. Tunafanya hivyo alfajiri, saa ambayo wazee ndio wanaokwenda kwenye maombi.

Ndipo Senkondo akanyanyua mkono, watu wakanyamaza.

"Haya," akasema. Hakupaza sauti. "Mwalimu ametuandikia kuta tatu. Amemtukana jumbe, ametutukana sisi, ameitukana na misheni kwa kujenga mnara wa kengele bila kuweka hata ngazi njiani. Sawa. Mimi namwuliza jambo moja. Asubuhi ile mama yako alipoanguka, zamu ilikuwa ya nani?"

Nikasema: "Hilo si shauri la kikao."

Ndiyo. Nilisema maneno hayo. Yametoka kinywani mwangu mbele ya watu wote, na nilipoyasikia nikatamani ndiva ipasuke.

Kikao kikahamia kwenye mambo mengine. Jumatatu ni matuta.

Sasa nitaandika kile ninachokizunguka tangu mstari wa kwanza.

Ilikuwa Alhamisi, wiki sita zilizopita. Zamu ilikuwa yangu. Niliamka kabla ya jogoo, nikaziba mfongo pale njiani kama kila mtu, nikashuka kuongoza maji kwenye maharage yangu. Nilijua ni Alhamisi. Nilijua akina mama wana maombi. Sikufikiri. Nilikuwa natunga kichwani barua ya kumjibu mtu fulani gazetini, barua kali sana, na nilikuwa nimefika kwenye sentensi nzuri niliposikia sauti ya mama yangu juu yangu. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama mtu aliyeshangaa kitu.

Nilimkuta amekaa kwenye maji. Maji yangu. Yalikuwa yanapita pande zake mbili, yameinua ncha ya khanga yake. Wanaume wanne tulimshusha kwa machela hadi hospitali, na kila niliposikia njiani mtu akisema "pole, Mwalimu," nilijibu "asante." Mfupa wa nyonga. Alilala huko mpaka alipokataa kulala zaidi, akaomba arudi anakosikia kuku wake.

Wote waliniona nimelowa tope mpaka magotini. Walidhani ni kwa sababu nilipiga magoti kumwinua.

Si hilo linalonikosesha raha zaidi. Watu wote wa mfongo huu wamelowesha njia ile, na mimi ni mmoja wao. Ningeweza kulisema hilo kikaoni na lingekuwa hoja yenye nguvu kuliko zote. Linalonitesa ni jingine.

Daktari alisema mama akifika wiki ya tano aanze kusimama, kidogo kidogo, akishikwa. La sivyo hatatembea tena. Sasa ya sita imekwisha. Mama hataki. Mke wangu, Namsifu, anamsihi asubuhi na jioni. Mama anatazama ukuta. Anasema, "Miguu hii imeniacha. Nilikuwa natembea vizuri, hakuna jiwe, hakuna shimo, ikaniacha tu. Ni uzee, mwanangu. Nikisimama itaniacha tena."

Hakuyaona maji. Kulikuwa na giza na anaona vibaya. Alipoanguka ndipo akawa amelowa, na anadhani aliangukia mfongoni.

Kwa hiyo mama yangu anakubaliana na Senkondo. Ameamua kwamba ni mzee na kwamba wazee huanguka. Na mimi, ninayeandika kuta tatu kuwapinga watu wenye mawazo hayo, ninapeleka uji mlangoni kwake kila asubuhi na kumwacha ayaamini, kwa sababu akiyaamini hatauliza maji yalikuwa ya nani.

Nina miaka arobaini na minane. Nimebishana na wamisionari kwa Kiingereza chao. Namwogopa mwanamke aliyelala kitandani.

Anakaa chumba cha pili kutoka hapa. Nasikia akikohoa.

Naweka kalamu chini. Nakwenda.

Saa kumi na moja. Nimerudi.

Nitaandika kama ilivyokuwa, sitajipamba.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Nikamwambia asubuhi ile maji yalikuwa yangu.

"Maji gani?"

"Ya njiani, mama. Nilikuwa na zamu. Niliziba mfongo nikayaachia njia. Ulikanyaga tope langu."

Nilimsikia Namsifu jikoni akiacha kutwanga.

"Wiki sita," mama akasema. "Wiki sita naitukana miguu yangu, na wewe unapita hapo mlangoni na bakuli."

"Ndiyo, mama."

"Na huko kibarazani unawaandikia watu makaratasi."

"Ndiyo."

"Mwalimu!" akasema. Hajawahi kuniita hivyo. Huniita baba, au mwanangu, au jina langu la utotoni akinikasirikia. "Ungekuwa mdogo ningekuchapa mpaka hiyo elimu itoke. Umri wako umekuokoa."

Nilingoja aseme zaidi. Nilitaka aseme zaidi. Badala yake akageuza uso kutoka ukutani, akakunja paji, na nikaona anafikiri, kama mzee wa baraza anayeletewa shahidi mpya kwenye kesi iliyokwisha kukatwa.

"Nilikuwa nimeshapita mizizi?"

"Ulikuwa umeipita kidogo."

"Mguu wa kushoto ulitangulia. Nakumbuka. Ulishika." Akagusa paja la kulia. "Ni wa kulia ulioteleza. Na huo wa kulia ndio uliokanyaga palipolowa?"

"Ndiyo. Upande huo ndiko maji yalikokuwa yanapita."

"Basi wa kushoto haukunifanyia kitu."

"Hata wa kulia, mama. Hata mimi ningeanguka pale. Bwana wa kilimo alianguka pale."

"Huyo mwache, alikuwa anatazama juu kama twiga." Halafu akatupa blanketi pembeni. Nikasimama haraka kumshika. Akanisukuma kifuani kwa kiganja.

"Si wewe. Mwite Namsifu."

Namsifu alikuwa tayari mlangoni. Mama alishusha mguu wa kushoto, akaukanyaga sakafuni, akaukandamiza mara mbili tatu kama mtu anayejaribu ubao wa daraja. Kisha akaushusha wa kulia, kwa maumivu, na meno ameyauma. Akasimama. Alisimama ameegemea bega la mke wangu kwa muda wa kusema sala fupi ya chakula, kisha akakaa, jasho likimtoka, akasema inatosha kwa leo.

Hakunitazama. Nilipotoka alikuwa anamwambia Namsifu apunguze chumvi kwenye mboga, na kamba ya mbuzi iondolewe chumbani, kwa sababu hakusudii kuvunjika mara ya pili kwa ujinga wa watu wenye macho.

Hajanisamehe. Sijui kama atanisamehe. Sikwenda pale kununua msamaha, ingawa nitakuwa mwongo nikisema sikuutaka. Bado situlii humu kibarazani, naenda na kurudi, naenda na kurudi. Lakini koti lile nimelifumua na sasa mkono umekaa unapostahili.

Nilikuwa nimefikiri kwamba kazi yangu ni kuwashinda watu kwa hoja. Nimewashinda wengi. Njia imebaki vilevile. Leo sikumshinda mtu yeyote na mwanamke mmoja amesimama.

Ukurasa huu nitaugandisha ukutani kabla giza halijaingia, pamoja na hayo ya maji yangu na ya mdomo wangu kikaoni. Jumapili watu wakitoka ibadani watausoma. Wasiojua kusoma watasomewa, na najua nani atawasomea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Nimekubali.

Kwa hiyo sasa nawaandikia ninyi, wanaume wenye zamu za maji juu ya njia ya ibada. Mnajijua. Wewe Mzee Senkondo ni wa kwanza, na nakuandikia kwa heshima, maana swali lako la leo lilikuwa la haki na jibu langu lilikuwa la mwoga. Zamu ilikuwa yangu.

Jumatatu alfajiri, kabla pembe ya msaragambo haijalia na kabla jumbe hajaanza kutuhesabu kwenye matuta yake, njooni pale kwenye mkuyu. Nimekwisha kuangusha mti wangu mmoja kwa ajili ya gogo, nitakuja na tezo ya kulichonga. Mwenye jembe aje na jembe. Kila mmoja abebe jiwe bapa kutoka uani kwake. Mti wa kushikia tutauweka usawa wa kiuno cha mwanamke mfupi. Mzee Elinaja atatupimia, na ninyi mtamvumilia maneno yake. Mpaka gogo likae, hakuna atakayeziba mfongo pale siku ya maombi. Nitasimama hapo mwenyewe kila alfajiri, na mnijuavyo nitasema mpaka mnichoke.

Lakini hilo ni la Jumatatu. La leo ni jingine, na halihitaji jembe.

Wewe uliyefungua maji asubuhi ile mama wa fulani alipoanguka. Wewe uliyefunga kamba ya mbuzi mahali baba yako anapopita. Wewe uliyeacha sabuni juu ya jiwe. Yuko mtu ndani ya nyumba yako amelala akiitukana miguu yake kwa kosa ambalo haikulifanya, na kila siku anayoipitisha kitandani miguu inazidi kumwamini. Ingia chumbani kwake. Mwambie lilikuwa tope la nani. Kisha usitoke, hata akikufukuza, mpaka awe na mtu wa kumshika atakapoamua kusimama.